Siku Nane na Kamera Mbili: Harusi ya Tulum

Ramadhani imeingia na kutoka, Idi tumekula, na mimi bado nawaahidi watu simulizi ya harusi ya Meksiko. Haya basi. Nimeikusanya kutoka kwenye daftari lililolowa maji ya chumvi, risiti nilizozitupia mfukoni, na saa zilizojiandika kwenye picha zenyewe. Hizo saa zimenitesa kuliko vyote, maana kamera yangu moja inadai mambo yalitokea saa nzima kabla ya inavyodai ile nyingine. Tukifika siku ya nne mtaelewa.

Bwana harusi ni kijana wa Tanga aliyekulia hapa Houston. Bibi harusi kazaliwa Los Angeles, lakini chimbuko lao ni kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Valladolid, jimbo la Yucatán, na huko ndiko aliko bibi yake mzaa mama, ajuza wa miaka themanini na kitu asiyetaka kusikia habari ya ndege. Nikaha ilishafungwa msikitini hapa hapa. Ikabaki sherehe, na sherehe ikaamuliwa imfuate bibi: Tulum, ufukweni, karibu na magofu ya Wamaya, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka kwake. Tarehe nayo ilikuwa ya mbio za Shaaban, kama kawaida yetu. Nikaitwa mimi kwa sababu mama wa bwana harusi alishasema: chumba cha wanawake haingii mpiga picha mwanamume, iwe Meksiko iwe Makorora kwetu Tanga.

Siku ya 1, Jumanne Februari 18, 2025: Houston – Cancún – Tulum

Ndege mpaka Cancún haimalizi saa mbili na nusu. Bado nasafiri kwa pasipoti ya Tanzania. Mtanzania anatakiwa kuwa na viza ya Meksiko, ila mwenye viza hai ya Marekani au kadi ya ukaazi wa kudumu husamehewa. Afisa aliitazama kadi, akanitazama mimi, akagonga muhuri.

Pa kuangalia ni forodha. Abiria anaruhusiwa kuingia na kamera mbili bila ushuru. Mimi kazini huwa na tatu. Ya tatu niliiacha nyumbani huku roho ikiniuma. Haikuniuma tena nilipomwona kijana mmoja mwenye masanduku meusi kafunguliwa kila kitu mezani, lenzi moja moja, kama muuza vyombo mnadani. Nilipotoka alikuwa bado anahesabiwa.

Gari nilikuwa nimelikodi mtandaoni kwa dola 8 kwa siku. Kufika kaunta, naambiwa bima ya kumlipa mtu wa tatu ni lazima kisheria, na haimo ndani ya zile dola 8. Tukavutana. Nikasogea pembeni, nikanywa maji, nikarudi. Mwisho ikawa dola 39. Ukiona gari linakodishwa kwa bei ya sahani ya chipsi, jua bima haijatajwa. Waambie wakuandikie bei kamili kabla hujapanda ndege. Na kama huna mizigo ya kazi, achana na gari kabisa. Mabasi ya ADO yanatoka uwanjani hapo hapo, na kati ya Playa del Carmen na Tulum kuna colectivo, vipanya vyeupe vya kupunga mkono barabarani, nauli unalipa ukishuka.

Barabara ya 307 imenyooka, msitu kulia, msitu kushoto, na kila baada ya kilomita chache lango la hoteli kubwa kama la ngome. Bahari iko kushoto kwako safari nzima na huioni. Kilomita kama 130 hivi, na mimi nikasinzia nyuma ya usukani mara mbili, nikasimama kununua dafu. Wao hulinywa, kisha wanalipasua, wananyunyizia nyama yake ndimu na pilipili ya unga. Sisi embe tunalifanyia hivyo miaka yote na hatukuwahi kufikiria dafu.

Chumba mjini Tulum, si ufukweni, peso 1,100 kwa usiku. Siku hizo dola moja ilikuwa karibu peso 20. Usiku nilikula taco za samaki kwenye kibanda, peso 35 moja. Pilipili ya habanero ni ndugu wa damu wa pilipili mbuzi, na wana kachumbari yake wanayoiita xnipec, maana yake kwa Kimaya ni pua ya mbwa, kwa sababu pua inalowa. Kwa Waislamu wenzangu: nguruwe hayuko kwenye nyama tu. Maharage ya kupondwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta yake, na tamale, zile bumunda za unga wa mahindi, zinakandwa nayo. Neno la kujifunza kabla ya yote ni *sin manteca*, yaani bila mafuta ya nguruwe.

Siku ya 2, Jumatano Februari 19: magofu ya Tulum

Magofu yanafunguliwa saa 2 asubuhi. Jua la Februari linachomoza kama saa 1 na robo. Kwa hiyo picha ya macheo ukiwa ndani ya ukuta haipatikani kwa tiketi ya kawaida, na mteja aambiwe mapema asije akanuna.

Kulipa si dirisha moja. Kuna ada ya hifadhi, kuna ada ya magofu, na kutoka maegesho kuna mwendo wa miguu. Beba pesa taslimu, kofia na maji. Ndani hakuna kivuli cha maana.

Nilikwenda peke yangu, na kamera moja yenye lenzi ndogo ya 35, kama mtalii. Mji umezungushiwa ukuta pande tatu, wa nne ni bahari yenyewe, chini ya jabali la mita 12. Ulinawiri karne ya 13 hadi ya 15, rika moja na Kilwa, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya biashara ya bahari: chumvi, nguo, asali, mawe ya kukatia. Kuta zilipigwa lipu ya chokaa na kupakwa rangi. Nyekundu bado imeng'ang'ania mahali pachache. Nimekua nikipelekwa na shule kwenye magofu ya Tongoni, kwetu Tanga, tunakaa juu ya makaburi yenye nguzo tunakula mihogo, kwa hiyo harufu ya chokaa kuukuu iliyopigwa na upepo wa bahari naijua. Tofauti ni mijusi. Tulum ina mijusi wakubwa wa iguana, wamejianika kwenye kila ngazi usiyoruhusiwa kukanyaga.

Karibu na lango nilimkuta dada mmoja, mgeni, kabeba gauni jeupe ndani ya mfuko wa nguo, na mpiga picha wake kabeba stendi ya miguu mitatu. Mlinzi, mzee mpole, aliwarudisha bila kupaza sauti. Aliwaeleza kwa Kihispania, akarudia kwa mikono: gauni, hapana, stendi, hapana. Magofu yote ya Meksiko ni mali ya taifa chini ya INAH, taasisi ya mambo ya kale iliyoanzishwa 1939, na picha za kibiashara zinataka kibali kinachoombwa mapema. Droni usiitoe hata kwenye begi. Yule dada alilia. Mpiga picha wake akawa anatazama viatu, na ilinibidi nitazame pembeni, kwa sababu miaka kadhaa nyuma ningeweza kuwa mimi. Kazi ya kumpigia mteja simu na kumwambia "hapo hatuingii na gauni" ni ya mpiga picha, na inafanywa miezi mitatu kabla.

Mimi nilikuwa nimeshamwambia wangu. Mpango wetu ulikuwa kuyapiga magofu kutoka baharini. El Castillo, jengo kubwa kuliko yote pale, limesimama ukingoni mwa jabali limegeuzia bahari mgongo. Asubuhi jua linaupiga mgongo huo moja kwa moja. Ukiwa kwenye boti, jua liko nyuma yako, maharusi mbele yako, magofu nyuma yao. Mchana limekwisha: jua linahamia bara na jengo linakuwa kivuli tupu.

Jioni nikaenda ufukwe wa kusini mwa magofu kutafuta boti. Nahodha mmoja, boti ya faiba yenye turubai, alianza na peso 3,000 kwa saa moja. Tukafika 2,200, nikimtolea hesabu kwenye mchanga kwa kidole. Alinionyesha mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba, ule mwamba wa matumbawe ambao unatajwa kuwa wa pili kwa urefu duniani, na pengo lililo katikati yake. "Hapo ndipo tunapitia," akasema. Wapo wanaosema madirisha ya El Castillo yaliwashwa taa kuonyesha mitumbwi pengo hilo. Mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa. Sisi huuita mlango, na nahodha asiyeujua mlango wake hakodishwi.

Akanipa mkono, Ijumaa alfajiri. Kisha akatazama kaskazini, akasema neno moja: *norte*.

Siku ya 3, Alhamisi Februari 20: kaskazi

Norte ni kaskazi yao. Baridi inashuka kutoka Marekani, inavuka ghuba, inafika na upepo wa kupeperusha viti. Bandari ikafungwa kwa vyombo vidogo. Nahodha alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake upepo unavuma kama mtu anayepasua shuka: Ijumaa hakuna, Jumamosi Mungu akipenda, Jumapili ndiyo. Hakutaka arubuni. Weka siku ya akiba baada ya harusi, kati ya Novemba na Machi hasa. Miezi inayofuata shida ni nyingine, mwani wa sargaso, wa rangi ya kahawia, unaojaa ufukweni na kunuka yai viza.

Asubuhi nilikaa na mratibu wa hoteli ya sherehe. Kumbe mpiga picha wa nje analipiwa ada: dola 600. Haikuwa kwenye barua pepe hata moja kati ya zile kumi na nne nilizomwonyesha. Bwana harusi akalipa, nikaona aibu kama vile nimeziiba mimi. Hoteli nyingi za ukanda ule wana ada hii. Nyingine wanakutaka ulale kwao siku kadhaa ndipo uhesabiwe mgeni. Muulizeni mratibu kwa maandishi, kabla ya kumlipa chochote.

Ratiba yao ilisema sherehe ianze saa 6 na nusu mchana. Saa hiyo jua liko utosini na kila uso unakuwa na mashimo mawili badala ya macho. Wakapendekeza basi "machweo juu ya bahari". Nikamwuliza machweo gani, wakati bahari iko mashariki? Kama Tanga tu: jua linatoka majini linazama bara, nyuma ya minazi. Tukakubaliana saa 10 na nusu jioni. Jua linakuchwa kabla kidogo ya saa 1, na kuanzia saa 11 minazi yenyewe inakutandikia kivuli laini mpaka majini.

Walikuwa pia na kifurushi cha "baraka za Kimaya", na mtu mwenye manyoya kichwani, anapuliza kombe kubwa la bahari kama baragumu. Bibi harusi aliitazama ile picha ya manyoya, akaifunga simu. "Chiich atacheka mpaka aanguke." Chiich ndivyo wanavyomwita bibi kwa Kimaya, na kuanzia hapo sote tukamwita hivyo.

Siku ya 4, Ijumaa Februari 21: kijijini kwa Chiich

Boti haipo, nikahamishia kazi kijijini: picha za bibi harusi na bibi yake, siku moja kabla. Miadi saa 2 asubuhi. Mimi, bibi harusi na binamu yake tukatoka Tulum saa 12 gizani, kwa barabara ya 109 inayopita Cobá, mji mwingine wa kale wa Wamaya.

Kila kijiji kina matuta. Si matuta ya kubembeleza, ni ya kung'oa bomba la moshi, na mengine hayana alama. Tukayahesabu, tulipofika 30 tukaacha.

Tukaingia kwa Chiich saa 2 kasoro dakika kumi, najisifu kwa kuwahi. Kufika, kuku ndiyo kwanza wanashuka mitini. Nikatazama simu: saa 1 kasoro dakika kumi. Tangu 2015 jimbo la Quintana Roo, lenye Cancún na Tulum, lina saa zake, na sasa liko saa moja mbele ya Yucatán. Unavuka mpaka usio na hata kizuizi, saa inarudi nyuma. Simu inajua yenyewe. Kamera haijui. Nikatoa kamera ya kwanza, nikairudisha saa moja, halafu nikaitwa jikoni, ya pili nikaisahau. Ndiyo hiyo.

Jikoni ni nyumba ya umbo la yai, paa la majani ya mtende ambalo mtu wa pwani atalisoma kuwa makuti, ukuta wa fito. Katikati, mafiga matatu. Hasa hasa mafiga: mawe matatu, kuni zinaingia katikati. Kwa Kimaya ni *k'óoben*. Chiich kaketi kwenye kigoda, anafanya chapati za mahindi, yale mahindi yaliyochemshwa na chokaa usiku kucha mpaka maganda yakavuka. Anachukua tonge kama la ugali, anaweka juu ya kipande cha plastiki, na vidole vinne vya mkono wa kulia vinaanza kugonga huku wa kushoto unaizungusha, tap-tap-tap, na duara linajitokeza lenyewe. Anaitupa kwenye kikaango bapa. Anaigeuza kwa kucha. Ikivimba katikati anaigonga mara moja, pu, inapumua. Macho yake hayakuwa kwenye kazi, yalikuwa kwa mjukuu.

Moshi ulikuwa unapanda kwenye mwanga uliopenya kati ya fito, mistari kumi ya mwanga, na sikuwasha taa yoyote. Kwa saa ile tuliyozawadiwa kwa makosa nilipiga picha 212. Zilizobaki baada ya kuchagua ni 40, na kwangu hakuna sherehe ya ufukweni iliyonipa 40.

Alituuliza kila mmoja, akinyoosha kidevu: *Bix a beel?* Binamu akatafsiri: hujambo, lakini neno kwa neno ni "njia yako ikoje?" Nikamwambia njia yangu ina matuta. Ilipotafsiriwa alicheka na mabega yote. Kisha akamwonyesha mjukuu wake kwa kijiko, akasema neno refu, na binamu akaeleza kwamba kuoa au kuolewa kwa Kimaya wanasema *ts'o'okol beel*, njia imekamilika. Ni *be* ile ile iliyo kwenye *sacbé*, njia nyeupe za kale za mawe na chokaa. Moja inatoka Cobá inakwenda kilomita kama 100 hadi Yaxuná, nasi tulikuwa tumeipita gizani bila kujua.

Chakula kilikuwa papadzul: chapati zilizochovywa kwenye mchuzi wa mbegu za maboga, ndani yai la kuchemsha. Mjukuu alikuwa ameshamwambia nisichokula. Chiich aliona aibu kwamba hakuna nyama, mimi nikala sahani mbili.

Kurudi, tairi la nyuma likapasuka kwenye tuta la kijiji ambacho jina lake sikuliandika. Hatua mia mbele palikuwa na fundi pancha, kibao cha tairi kilichoandikwa kwa rangi nyeupe. Alikuwa anakula. Akaacha sahani, akaja na jeki begani, akatoa tairi, akaziba, akajaza upepo, akarudisha. Peso 80. Nikampa 200, akanirudishia chenji yote, sarafu kwa sarafu, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa michafu akanimwagia maji kwa kopo, kisha akanipa chungwa lililomenywa, lina pilipili ya unga juu. Hakukubali picha. Alisema hajanyoa.

Tukavuka tena mpaka, saa ikaruka mbele. Usiku wa hina ulipangwa saa 12 jioni na mimi nikaingia saa 1 na dakika ishirini, na chungwa mkononi. "Mwanangu," mama wa bwana harusi akasema bila kuinua macho kutoka kwenye piko, "mkono mmoja umeshakauka." Huo mkono nimeupiga umekauka.

Siku ya 5, Jumamosi Februari 22: harusi

Upepo ulipungua alfajiri. Vijana wa hoteli walikuwa wanaokota mwani na kusukuma mikokoteni tangu giza.

Kosa la siku lilikuwa langu. Chumba cha bibi harusi kilikuwa na kiyoyozi cha kugandisha, kamera zote mbili nimezikalisha humo. Tulipofungua mlango wa nje, lenzi zikapata ukungu, nyeupe pe, na bibi harusi ndiyo anashuka ngazi. Ukungu ukifutwa unarudi. Nikapoteza karibu dakika tatu. Kushuka kwake ngazi ninako kama ndoto ya mtu mwenye homa. Kamera itoeni barazani saa nzima kabla, ndani ya begi lililofungwa, izoee joto taratibu.

Alivaa terno, vazi la shughuli la Yucatán, tabaka tatu, maua yaliyodariziwa shingoni na kwenye pindo mbili. Bwana harusi kanzu. Chiich aliletwa na wajukuu kwa kipanya, na chini ya mkono kabeba chungu kidogo na mfuko wa karatasi.

Sasa hapo ndipo. Mama wa Tanga alikuwa na chetezo chake tayari, makaa yamekolea, udi ndani yake. Chiich akaketi upande wa pili wa kizingiti, akaweka makaa kwenye chungu, akafungua mfuko, akatoa vipande vya utomvu vya rangi ya asali. Copal. Akakitupia kimoja. Moshi ulipomfikia mama, aliacha anachofanya, akanusa, akasema kwa sauti kama aliyemwona jirani wa zamani sokoni: "Sandarusi!"

Na ni sandarusi kweli, au tuseme ndugu yake wa mti mwingine. Wazungu waliokuja kununua sandarusi pwani kwetu karne ya 19 kwa ajili ya vanishi waliiita copal, kwa jina walilolitoa huku huku Meksiko. Mama hakuwa anajua hayo. Marehemu babu yake alikuwa akiichoma. Akajongea, akainama, akaomba kipande kwa kidole. Chiich akampa. Mama naye akamkata kipande cha udi. Hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza, binamu alikuwa mbali anatafuta viti, na wakakaa pale robo saa nzima wakilishana moshi, mmoja anapepea kwa kofia ya mjukuu, mwingine kwa upindo wa kanga.

Mengine mnayajua: wakaingia, wakakaa, vigelegele, hotuba ya mjomba iliyopitiliza. Mwanga wa saa 11 ulifanya kazi niliyousifia kwa mratibu.

Siku ya 6, Jumapili Februari 23: baharini

Saa 12 na nusu asubuhi nahodha alikuwa ufukweni, suruali imekunjwa magotini. Maharusi hawajalala. Bahari shwari, kama haikuwa ile ya Alhamisi.

Jua likatoka, mgongo wa El Castillo ukageuka rangi ya mkate. Nilimwomba nahodha azime injini na aielekeze boti pembeni kidogo ya jengo, ili jengo lisiwaote maharusi kichwani. Mawimbi yanakusogeza, una dakika mbili, kisha unarudishwa, tena dakika mbili. Kasi ya kamera 1/1000 ya sekunde, maana boti haitulii hata ikitulia. Kanzu iliingia upepo, terno ikabaki na heshima yake. Kwa juu, ndani ya ukuta, hapakuwa na mtu. Saa 2 watalii wa kwanza wakatokea ukingoni, wadogo kama njugu, na mmoja akatupungia. Daftari nalo lililowa hapo, nilipolikalia kwenye maji ya sakafuni.

Nahodha alipokea peso 2,200 zake, akawapa maharusi samaki wawili. Sisi wa hotelini, samaki tutawapika wapi? Tukampa mlinzi wa lango.

Mchana nililala.

Siku ya 7, Jumatatu Februari 24: Chichén Itzá

Ndugu wa Tanga walitaka kuliona piramidi. Nilikataa isiwe Jumapili: siku hiyo raia wa Meksiko hawalipi ada ya INAH, na watu wanafurika. Tukaondoka na kipanya cha kukodi saa 1 asubuhi ya Tulum, tukafika bado asubuhi mbichi ya Yucatán. Safari hii saa ilikuwa upande wetu.

Mgeni analipa madirisha mawili, la jimbo na la INAH; mwaka huo wa 2025 jumla ilikuwa zaidi ya peso 600. Ni ghali, na piramidi la Kukulcán halipandwi tangu miaka mingi. Ngazi 91 kila upande, pande nne, ongeza ile ya juu: 365, siku za mwaka. Shangazi mmoja alizihesabu za upande mmoja kwa kidole kuthibitisha, akapata 88, tukamwacha.

Kiongozi aliwaonyesha kupiga kofi mbele ya ngazi: mwangwi unarudi umekunjika, kama mlio wa ndege. Wakapiga makofi. Kisha mama, bila kushauriana na mtu, akapiga kigelegele. Sijui niuandikeje ule mwangwi. Watu waligeuka uwanja mzima, wauza filimbi za chui wakanyamaza, na shangazi wote saba wakamfuata. Kiongozi akasema anafanya kazi hapo miaka mingi na hajawahi kulisikia jengo likijibu hivyo. Ninayo video, ila nusu yake ni dole gumba langu.

Siku ya 8, Jumanne Februari 25: Cancún – Houston

Gari nilirudisha. Walilizunguka mara mbili, wakaona tairi lililozibwa, wakanyamaza.

Houston, kwenye ukaguzi, afisa akamwuliza mama anabeba nini kwenye ule mfuko wa karatasi. Mama akamjibu, kwa utulivu wa mwenye haki: "Sandarusi." Afisa akanigeukia mimi. "Copal," nikasema. "Uvumba." Akakitoa kipande, akakitazama kwenye taa, akakinusa muda mrefu kidogo kuliko kazi inavyotaka, akakirudisha, akaukunja mdomo wa mfuko vizuri.

Tukiwa tunasubiri mabegi niliwasha kamera zote mbili nizirudishe saa za hapa. Ile niliyoiharibu kijijini ilikuwa sahihi. Houston na Yucatán miezi hiyo wanatumia saa ile ile. Nikarekebisha ya pili tu.